Spika za mnara wa boti: kwa nini aliye mwisho wa kamba hasikii kitu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina nyumba ya wageni Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na nimenunua boti ya fiberglasi iliyotumika, futi 19, mashine ya nje ya hospawa 115, ya stroke nne. Ina ule mnara wa mabomba wa kuvutia watu wa wekibodi, ule ubao wa kuteleza juu ya maji, kwa kamba. Juu ya mnara kuna spika mbili za inchi sita na nusu, zinasukumwa na redio yenyewe. Betri ni moja, N70. Tukiwa tumesimama muziki uko vizuri, lakini mgeni akishakuwa nyuma kwenye ubao anasema hasikii kitu ila mashine. Kijana mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, ameniambia ninunue spika nne za wati 1,000 nizifunge palepale, basi. Nifanye hivyo? Na betri itahimili?

JIBU: Salama ndugu yangu, na ndaga kwa kutaja kila kitu kwa mara moja. Wengi huniandikia "fundi, muziki wa boti hausikiki" halafu wananiachia nipige ramli. Kwa kifupi, hizo nne usinunue. Nunua mbili tu, za aina nyingine, na hela inayobaki iingie kwenye ampu (kikuza sauti), nyaya na betri ya pili. Nitakueleza kwa nini, maana ukishaijua hesabu yake hakuna muuzaji atakayekuyumbisha, si Mwanjelwa wala Kariakoo.

Tuanze na kamba. Kamba ya wekibodi huwa ya mita 20 hadi 25. Sauti ikitoka kwenye spika hupanuka pande zote, na kila umbali unapozidi mara mbili unapoteza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kutoka mita moja hadi mbili, sita zimekwenda. Kutoka mbili hadi nne, sita nyingine. Ukifika mita 22, alipo mgeni wako, umeshapoteza desibeli 27 hivi. Hiyo ni kodi ya umbali, na hailipiki kwa maneno.

Sasa angalia unacholipia. Spika ya kawaida ya gari, ukiipa wati moja na kuisikiliza kutoka mita moja, hutoa kama desibeli 88. Redio yako, hata kama usoni imeandikwa 50x4, yaani wati 50 kwa spika nne, kwa kila spika inatoa wati 15 hadi 20 safi. Zaidi ya hapo sauti inapasuka. Wati 18 zinaongeza desibeli 12 na nusu. Kwa hiyo kwenye mita moja una 100 na kitu, toa 27, unabaki na 73. Spika ya pili inaongeza tatu, jumla 76. Wakati huohuo mgeni yuko kwenye mwendo wa kilomita 30 hadi 37 kwa saa, upepo unampiga masikioni, ubao unachapa maji, mashine inanguruma mbele yake. Hiyo 76 yako inamezwa yote. Nyinyi mlioko ndani ya boti mko mita mbili kutoka kwenye spika, ndiyo maana mnaona muziki uko vizuri na kumwona mgeni mlalamishi.

Kijana wa Mwanjelwa anataka uongeze wati. Wati zikizidi mara mbili unapata desibeli 3 tu. Ili upate 10, ambazo sikio la binadamu huzihesabu kama sauti iliyoongezeka mara mbili hivi, unahitaji wati mara kumi. Kutoka 18 hadi 180 kwenye spika ya inchi sita na nusu ya gari? Koili itanukia kabla ya wimbo wa pili kuisha.

Namba ya maana ni ile ambayo wauzaji hawaitaji kabisa: spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja, kwenye mita moja. Mimi naiita wepesi wa spika. Huandikwa nyuma ya boksi, kwa herufi ndogo, dB kisha 1W/1m. Spika yenye 88 na yenye 94 zina tofauti ya desibeli sita, yaani ile ya pili kwa wati 50 inakupa kile ambacho ya kwanza itahitaji wati 200 kukitoa. Soma kwa makini lakini. Wengine huandika 2.83V badala ya 1W, na kwenye spika ya omu 4 hiyo ni wati mbili, si moja. Hapo namba imejiongezea desibeli tatu bila jasho. Toa tatu ndipo ulinganishe.

Wepesi huo unapatikana wapi? Kwenye honi. Spika za mnara zilizotengenezwa hasa kwa kazi yako hazina ile twita, yaani kispika cha sauti za juu, ndogo ya kuba katikati. Zina draiva, yaani kiini kinachotoa sauti, iliyofinywa nyuma ya koo jembamba, na koo hilo linafunguka polepole kama mdomo wa tarumbeta. Hakuna uchawi wowote. Ni kama mtu anavyoweka viganja mdomoni kumwita mwenzake ng'ambo ya Mto Kiwira: pumzi ni ileile, ila sasa inashika hewa vizuri na inakwenda upande mmoja, haitawanyiki hovyo. Wet Sounds wa Marekani wamejijengea jina kwa spika za namna hii, na Kicker nao wanazo. Chukua yenye wepesi wa 96, uipe wati 100 za kweli. Tisini na sita, jumlisha 20, toa 27: una 89. Zikiwa mbili, 92. Kutoka 76 hadi 92 ni kama muziki umezidi mara tatu masikioni mwa mgeni, na bado ni spika mbili zilezile kwa idadi, mahali palepale.

Hili sikulisoma tu. Kuna siku tulikuwa ufukweni Lyulilo na boti ya mteja imefungwa, mashine imezimwa. Upande wa kushoto wa mnara tuliacha spika ya zamani, kulia tukafunga ya honi. Mwenye boti akatembea na kamba hadi ilipokaza, akageuka. Nikawasha wa kushoto, akatikisa kichwa: alikuwa anasikia "tsi, tsi" ya kinanda cha mdundo, maneno hakuna. Nikahamishia kulia, sauti ileile ya redio, sijagusa kitufe kingine. Wale kina mama waliokuwa wanapanga vyungu vya Ikombe karibu na mitumbwi wakageuka wote kwa pamoja, na mmoja akaanza kuimba kiitikio. Kuanzia hapo hakukuwa na mjadala tena.

Kabla hujaniuliza, najua mtu atakuambia, "Basi si uchukue honi za matangazo, zile za gari la kampeni?" Zina wepesi mkubwa kweli, na mvua haziogopi. Lakini zimetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayeongea. Chini zimekatwa kabisa, juu zimekatwa pia, kwa hiyo muziki utatoka kama unapita kwenye kopo la maziwa ya unga. Na nyingine zina transfoma ya volti 100 ndani, ukiziunga na ampu ya gari utashangaa. Waachie wanasiasa. Spika za kutolewa kwenye sabufa ya nyumbani ndiyo kabisa, usiziguse: karatasi yake, ile inayotikisika kutoa sauti, hulowa unyevu wa Kyela ikawa kama andazi lililodumbukia kwenye chai.

Tuje kwenye hizo wati 1,000. Spika ina wati za aina mbili: za kuuzia na za kufanyia kazi. Za kufanyia kazi huandikwa RMS. Hizo 1,000 ni za kilele cha kufumba na kufumbua, kama kuna ukweli wowote ndani yake. Kwenye ampu uongo ni rahisi zaidi kuukamata, na huhitaji kifaa. Igeuze uangalie fyuzi zake. Ikiwa na fyuzi moja ya ampea 30, zidisha 30 kwa volti 12, unapata 360, halafu toa zinazopotea kama joto, kwa ampu za kisasa za daraja D kama moja ya tano. Unabaki na chini ya wati 300 kwa chaneli zote kwa pamoja. Ampu iliyoandikwa 2,000 ubavuni ikiwa na fyuzi ya 30 inakudanganya mchana kweupe. Mimi dukani huwa sisomi ubavu, nasoma fyuzi.

Wewe tafuta ampu ya chaneli mbili, daraja D, wati 100 RMS kwa kila chaneli kwenye omu 4. Kila spika ichukue chaneli yake. Usikubali fundi aziunge mbili sambamba kwenye chaneli moja "ili zivute zaidi", maana omu 4 mbili sambamba zinakuwa omu 2, na ampu isiyoruhusu omu 2 itachemka na kujizima katikati ya ziwa. Ukitaka kuhakikisha spika ni ya omu ngapi, multimita kwenye nyaya zake itasoma pungufu kidogo: ya omu 4 husoma kama 3.4 hivi. Ikisoma 0 au isisome kabisa, koili imekwenda, irudishe.

Kuna kitufe kwenye ampu watu wengi hukiacha: kichujio cha besi. Washa kile kinachozuia sauti za chini, ukiweke kwenye hezi 100. Spika ya mnara imekaa hewani peke yake, haina boksi kubwa wala kuta, kwa hiyo mdundo mzito haufiki mita 22 hata ufanyeje. Unachofanya ni kuisukuma karatasi mbele na nyuma hadi ichoke. Ukiikata besi, spika inapumua, na wati zote zinakwenda kwenye sauti zinazosafiri. Mwenye kutaka mdundo aweke sabufa chini ya kiti kwa ajili ya walio ndani ya boti, na iwe na ampu yake.

Geni, kile kitasa kidogo cha kwenye ampu, nayo si kitasa cha sauti, jamani. Kazi yake ni kuilinganisha ampu na redio. Namna ninavyoiweka ni hii: nachomoa nyaya za spika kwenye ampu, narudisha geni chini kabisa, nazima kichujio kwa muda, naweka mlio mmoja ulionyooka wa hezi 100 kwenye simu, redio naipandisha hadi robo tatu. Multimita naiweka kwenye volti za AC, miguu yake kwenye matundu ya spika. Kwa wati 100 kwenye omu 4 natafuta volti 20, maana wati mara omu ni 400, na kipeuo chake cha pili ni 20. Napandisha geni taratibu hadi 20, nasimama, naweka alama kwa kalamu ya wino, nawasha kichujio tena na kurudisha spika. Mteja akija kulalamika kuwa twita zimeungua, naangalia alama yangu kwanza.

Sasa pale ambapo boti nyingi zinaharibikia: umeme. Ampu hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zote itavuta kama ampea 20. Muziki wenyewe hauko kilele muda wote, kwa hiyo wastani utakuwa ampea 6 au 7. Kwa saa nne mashine ikiwa imezimwa, watu wanaogelea na kula samaki, hizo ni ampea-saa 28. Betri yako ya N70 ni ya kuwashia mashine. Imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe, haipendi kunyonywa polepole hadi chini. Ukiifanyia hivyo kila wikendi, kabla msimu haujaisha itakuwa imekufa, na itachagua kufa mkiwa mbali. Kati ya Mei na Agosti, zile pepo za kusini ambazo wenzetu wa upande wa Malawi huziita mwera zinaweza kuinua mawimbi ya kutisha, nazo zinapiga moja kwa moja ufukwe wenu. Boti isiyowaka inasukumwa pale mawimbi yanapopasukia, na muziki ndio uliokula betri.

Weka betri ya pili, ya aina ya kunyonywa polepole, ampea-saa 100, na muziki wote utumie umeme wa hapo. Katikati weka swichi ya betri mbili, au ile rilei inayosoma volti: mashine ikiwaka na volti kupanda juu ya 13 inaziunganisha zote zichajiwe, mashine ikizimwa inazitenganisha. Mimi napenda rilei, kwa sababu swichi ya mkono inamhitaji mtu anayekumbuka. Mashine za stroke nne za ukubwa wa yako huchaji ampea 20 hadi 35 kwa kasi, ila kwenye mwendo wa kunyata ni kidogo sana, kwa hiyo usitegemee kuzunguka polepole mbele ya hoteli kutajaza betri. Siku ambayo boti imekaa tu, iwekee chaja ya nyumbani usiku. Na betri ya kuwashia isiguswe na kitu kingine chochote, hata chaja ya simu.

Waya. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa ndogo inapookoa kubwa. Tuseme betri iko nyuma na ampu iko chini ya usukani, mita nne. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita nane za shaba. Ukitumia waya wa milimita za mraba 4, kwenye ampea 25 utapoteza karibu volti 0.9 njiani. Kwa waya wa 16, unapoteza 0.2 tu. Volti hizo ndizo zinazoifanya ampu ianze kupasua sauti mapema, na mtu anadhani spika ni mbovu. Kwa spika zenyewe, kutoka kwenye ampu hadi juu ya mnara, waya wa 2.5 unatosha.

Lakini shaba iwe shaba. Nyaya nyingi nene zinazong'aa sokoni ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Alumini hiyo hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba ya unene uleule, na kwenye unyevu wa ziwani huoza kutoka ndani na kuwa unga mweupe, waya kwa nje bado unaonekana mzima. Bora zaidi ni shaba iliyopakwa bati, zile nyuzi za rangi ya fedha ambazo ukizikwangua unaona wekundu ndani. Usichanganye hizo mbili: moja ni nyeupe ndani, nyingine ni nyeupe nje.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 18, kwa sababu inalinda waya, na waya unaanzia betri. Kazi hii nilifunzwa na daladala moja ya Uyole. Nilikuwa kijana, nikafunga ampu nzuri, fyuzi nikaiweka kule mbele karibu na ampu, pazuri, panafikika. Wiki ya pili waya ulisuguana na ukingo wa bodi nyuma, kabla ya kuifikia fyuzi. Konda aliona moshi unatoka chini ya siti ya nyuma pale Mafiati. Hakuna aliyeumia, ila viti viwili vilinitoka mfukoni. Kwenye daladala abiria wanaruka nje. Kwenye boti wataruka wapi? Kwa ampu yako fyuzi ya ampea 30 inatosha, waya upite ndani ya mpira kila unapotoboa fiberglasi, na ampu na rilei visikae kwenye chumba kimoja na tangi la petroli. Rilei hutoa cheche ndogo, nawe unajua mvuke wa petroli ulivyo.

Waya wa ishara, ule wa RCA kutoka kwenye redio, upitishe ubavu mwingine, mbali na waya wa umeme. Zikilazwa pamoja utasikia mluzi unaopanda na kushuka na mashine. Ukiusikia, angalia pia kama redio na ampu zinapata hasi yao sehemu moja.

Kufunga juu ya mnara kuna mtego mmoja ambao umewatia watu hasara. Klampu za spika za nje huuzwa kwa kipimo cha nje cha bomba, inchi 2 ni milimita 50.8 kamili. Mabomba ya chuma tunayonunua kwenye maduka ya vifaa huitwa kwa jina tu: "bomba la inchi moja na nusu" nje yake ni milimita 48.3, na "la inchi mbili" ni 60.3. Mtu anaagiza klampu za inchi 2 kwa sababu fundi wa kuchomelea alimwambia bomba ni la inchi mbili, zinafika baada ya wiki tatu, haziingii. Bomba lako limetoka nje na boti, kwa hiyo huenda likawa na kipimo cha kwao, huenda mnara ulishakarabatiwa huku. Usikisie. Zungusha uzi kwenye bomba mara moja, weka alama, unyooshe kwenye rula, gawa kwa 3.14. Ukipata milimita 151.7 ya mzunguko, bomba ni 48.3.

Kati ya klampu na bomba weka kipande cha mpira, hasa kama bomba ni la alumini na bolti ni za chuma cha pua. Metali hizo mbili zikigusana penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani, mtikisiko wa mawimbi haujui kukaza, unajua kulegeza tu. Na kumbuka uzito: kila spika ya honi na ganda lake ni kilo kadhaa, zimekaa zaidi ya mita mbili juu ya maji. Mbili boti yako ya futi 19 itazibeba. Nne, pamoja na mbao za wekibodi zilizopachikwa ubavuni na kijana aliyepanda kupiga picha, siku ya wimbi la ubavu utaijua maana ya kitu kizito kukaa juu. Hiyo ni sababu yangu nyingine ya kukukataza zile nne.

Ukishazifunga, zielekeze nyuma, si chini. Karibu kila boti ninayoikuta spika zimeinamishwa kuangalia viti, kwa sababu aliyezifunga alikuwa ameketi pale. Spika iko mita mbili na kidogo juu ya maji, sikio la mgeni liko mita moja na nusu, umbali ni mita 22: hiyo karibu ni mstari ulionyooka. Inamisha kidogo mno, kama unene wa kidole kwenye ncha. Kushoto na kulia usihangaike. Mgeni akikata mawimbi hadi mita saba pembeni, ni nyuzi 18 tu kutoka katikati, na honi nyingi zinafunika zaidi ya hapo. Halafu jaribu nguzo za plasi na hasi kwa betri ndogo ya saa ya ukutani, ya volti 1.5. Gusisha sekunde moja: karatasi ikitoka nje, waya ulioshika plasi ya betri ndio plasi ya spika. Spika moja ikitoka na nyingine ikiingia, zinauana sauti, na utanipigia simu useme honi hazina maana.

Kuhusu maji, Ziwa Nyasa ni la maji baridi, kwa hiyo kutu yako si ya kulinganisha na ya mwenzako wa Dar. Adui zako ni mvua za Kyela, ambazo hazijui kunyesha kidogo, na jua. Nunua zenye karatasi ya plastiki na ukingo wa mpira, ganda liwe na tundu la kutolea maji upande wa chini, na tundu hilo usilizibe kwa silikoni kama nilivyoona kwa mtu mmoja aliyedhani anafanya jambo jema. Spika zake zilikuwa zimejaa maji nusu kama vibuyu. Boti ikilala, zivishe mfuko wa turubai.

Jambo ambalo hukuuliza. Muziki ukishakuwa na nguvu hiyo, nahodha hatamsikia mgeni akipiga kelele. Lazima awepo mtu wa pili anayetazama nyuma muda wote, na mkubaliane ishara kabla ya kuondoka: dole gumba juu, ongeza mwendo; chini, punguza mwendo; mkono kupita shingoni, zima mashine; kugonga kichwa, turudi. Mimi huongeza kitu kimoja: ule waya mwembamba wa bluu unaoiamsha ampu kutoka kwenye redio naupitisha kwenye swichi ndogo karibu na mkono wa nahodha. Akiibonyeza, kimya papo hapo, bila kutafuta kitasa cha redio huku mtu yuko majini. Swichi ya bei ya soda. Na mgeni akikuomba ateleze kwenye wimbi bila kamba, mita tatu nyuma ya boti kama anavyoona kwenye simu, mkatalie. Michezo hiyo ni ya boti zenye propela iliyofichwa chini ya tumbo. Yako inazungukia nyuma, pale pale atakapoangukia.

Ukirudi jioni, shusha sauti mapema kuliko unavyodhani. Jua likizama, hewa iliyo juu ya maji hupoa haraka kuliko iliyo juu yake, na sauti badala ya kupotelea angani hupinda na kurudi chini, inakwenda mbali sana juu ya ziwa. Honi zako zitasikika hadi kwa wavuvi wa usipa wanaotoka na taa zao, na hao ndio watakaokuvuta siku betri ikikugomea. Mchana piga unavyotaka, ila walioketi chini ya mnara wasikae hapo saa nzima. Kwenye desibeli 100, dakika 15 kwa siku zinatosha kwa sikio.

Kama hela haitoshi kwa vyote, anza na betri ya pili, nyaya na fyuzi. Mwezi ujao ampu, uiunge kwenye spika ulizonazo kwa geni ya chini na kichujio kikiwa kimewashwa. Utapata desibeli chache, mgeni ataanza kusikia kiitikio. Honi zije mwisho, na zikija zitakuta kila kitu kimeshawekwa. Watu hufanya kinyume, wananunua spika kwanza kwa sababu ndizo zinazoonekana kwenye picha.

Honi hizo mara nyingi ni za kuagiza, kwa hiyo kabla hujatuma hela kwa yeyote, zungusha uzi kwenye bomba sehemu mbili, pale utakapofunga ya kushoto na ya kulia, maana mabomba mengine hubanwa na kuwa bapa kwenye kona. Niandikie namba zote mbili, pamoja na urefu kutoka kwenye betri hadi chini ya usukani ukifuata njia ambayo waya utapita, si mstari ulionyooka. Nikizipata hizo nitakuambia klampu gani na waya mita ngapi.